Msanii akisimulia alivyotunga, je, anakumbuka au anatunga upya?

#1 Sikio_la_Tatu (mleta mada)

Salaam, wakuu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisikiliza na kusoma mahojiano ya wanamuziki wanaotoa kazi zao wenyewe na ya waandishi wanaojichapishia vitabu, na nimefikia dai ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu: maelezo ya msanii kuhusu namna alivyoitunga kazi yake ni utungo wa pili, nao haupaswi kupokewa kama ushahidi wa namna utungo wa kwanza ulivyopatikana.

Angalieni jinsi maelezo hayo yanavyofanana. Mwanamuziki atasema wimbo ulimjia usiku, akaamka na kuurekodi kwenye simu. Mwandishi atasema mhusika wake alikataa kufuata mpango, akaanza kumwongoza yeye. Watu wa tabia, umri na ala tofauti kiasi hiki hawawezi wote kuwa wanafanya kazi kwa njia moja; kinachofanana ni masimulizi. Wala jambo hili si geni. Mwaka 1846 Edgar Allan Poe alichapisha insha akidai kwamba shairi lake la kunguru alilijenga hatua kwa hatua kwa hesabu kavu: kwanza akaamua urefu wa mistari ipatayo 100, kisha athari aliyoitaka kwa msomaji, kisha neno la kibwagizo, na ubeti alioanza kuuandika ukawa ule wa karibu na mwisho. Wahakiki wengi wameisoma insha hiyo kwa mashaka tangu wakati huo.

Naomba waliowahi kuhojiwa, na waliowahi kuhoji, watueleze kinachotokea hasa pale swali linapoulizwa.

#2 KalamuTupu

Mkuu, mimi ni mmoja wa hao waliojichapishia, na sikubali kuwekwa kwenye kundi la waongo kwa upole huo. Riwaya yangu ya kwanza ilitokana na mambo matatu ambayo hayakuhusiana: barua niliyoikuta ndani ya kitabu cha mtumba, ugomvi wa kifamilia, na hamu ya kuandika sura ndefu isiyo na mazungumzo. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotangulia. Yalikuwa yakipishana na kurudi. Kisha nikaulizwa, "Wazo la kitabu lilikujia vipi?" Swali la namna hiyo linadai mwanzo mmoja, na muda wa kujibu ni mfupi, basi nikachagua barua kwa kuwa inasimulika kwa sentensi mbili.

Jambo lililonishangaza ni lililofuata. Baada ya kuisimulia barua hiyo mara nyingi, sasa ndiyo ninayoikumbuka kwa uwazi, hata rangi ya wino wake, ilhali yale mengine mawili lazima niyatafute kwenye daftari. Kwa hiyo jibu langu kwa kichwa cha uzi ni kwamba nilianza kwa kukumbuka, nikaishia mahali pengine, na sikusema uongo popote njiani.

#3 Fundi_wa_Mchanganyo

Mimi hukaa upande wa pili wa kioo, studio, nami nina kitu ambacho waandishi wengi hawana: faili zenye tarehe. Kuna mwimbaji mmoja niliyemfanyia kazi ambaye husimulia kila anapohojiwa kwamba wimbo wake unaopendwa zaidi aliuandika usiku mmoja. Folda ya wimbo huo ina matoleo yaliyoenea karibu mwaka mzima. Beti ya pili ilibadilishwa maneno yote, kasi ikapunguzwa, na daraja, yaani kipande cha kuunganisha, likaongezwa kabla ya kiitikio cha mwisho wakati sauti nyingine zote zilikuwa zimekwisha kuingizwa.

Hata hivyo nilipofungua faili ya kwanza kabisa, nilimkuta akiimba kiitikio chote kama kilivyo leo, akiwa na gitaa tu. Usiku ule ulikuwapo. Anapousema anasema kweli kuhusu sehemu ambayo kwake ndiyo wimbo, na yaliyobaki anayahesabu kuwa kazi ya studio, tena ukiniuliza mimi, kazi hiyo ndiyo iliyoufanya uweze kusikilizwa mara ya pili.

#4 Mdadisi_wa_Nafsi

Mleta mada, jambo hili saikolojia imelishughulikia kwa muda mrefu. Mwaka 1977 Richard Nisbett na Timothy Wilson walichapisha makala iliyodai kwamba mara nyingi hatuna njia ya kuona kwa ndani sababu za matendo yetu, na kwamba tukiulizwa huwa tunatoa sababu inayoonekana ya kuaminika. Katika jaribio lao moja, wapita njia walionyeshwa jozi 4 za soksi ndefu za nailoni zilizofanana kabisa, wakaombwa wachague iliyo bora. Jozi ya mwisho upande wa kulia ilichaguliwa mno kuliko ile ya kushoto, lakini hakuna aliyetaja nafasi yake mezani kuwa sababu, walitaja ubora. Walipoulizwa waziwazi kama mahali ilipowekwa pamechangia, karibu wote walikana.

Kwa hiyo hatuna haja ya kumtuhumu msanii kwa uongo wala kwa kusahau. Huenda hakuwahi kuijua sababu tangu mwanzo, na mhoji anamwomba kitu ambacho hana.

#5 Tabaka_la_Nne

Mkuu #4, tutofautishe. Anayechagua soksi huamua kwa sekunde chache jambo ambalo halimhusu. Anayeandika riwaya hukaa na uamuzi mmoja kwa miezi, huuandika pembeni ya ukurasa, huubishania na mhariri, kisha huufuta na kuurudisha. Kulitoa jaribio la mezani na kulipeleka moja kwa moja kwenye kazi ya namna hiyo ni kuruka hatua nyingi.

Aidha, mjadala haukuishia 1977. Mwaka 1980 Anders Ericsson na Herbert Simon walitetea matumizi ya maelezo ya mtu mwenyewe kama data, kwa sharti muhimu: aeleze anachokifikiri wakati anafanya kazi, badala ya kuulizwa baadaye kwa nini alifanya. Tatizo basi liko kwenye saa ya kuuliza. Mahojiano yote tunayoyazungumzia hapa hufanyika albamu ikiwa imeshatoka na kitabu kikiwa kimeshafungwa jalada.

#6 Sikio_la_Tatu

Ahsante kwa michango. #3, ushahidi wa folda ndio niliokuwa nautafuta, ingawa naona umeutumia kumtetea mtuhumiwa.

#7 Meza_ya_Mahojiano

Nimekuwa nikihoji wanamuziki na waandishi wa kujitegemea kwa muda, na ningependa lawama zihame kutoka kwa mhojiwa zije kwetu. Swali "unapata wapi msukumo?" halina jibu la kweli, kwa sababu halimpi mtu kitu cha kushika. Akilijibu kwa methali au kwa hadithi ya ndoto, ametulipa kwa sarafu tuliyoidai.

Nilibadilisha utaratibu wangu. Sasa siulizi kuhusu wimbo kwa jumla, nauliza kuhusu sehemu yake moja: kwa nini ngoma zinanyamaza kabla ya kiitikio cha pili lakini si kabla ya cha kwanza, kwa nini sura ya tano imeandikwa kwa wakati uliopo, kwa nini jina la mama halitajwi popote. Mtu akiulizwa hivyo hunyamaza kidogo, macho yakaenda pembeni, kisha huanza kutoa mambo ambayo hakuyaandaa. Mara nyingi jibu huwa la kawaida kabisa, kwa mfano kwamba mpiga ngoma alichelewa kuingia siku ya kurekodi na kosa hilo likapendeza. Kuna kipindi cha podikasti kiitwacho Song Exploder, kilichoanza mwaka 2014, ambacho kimejengwa juu ya wazo hili: msanii huufungua wimbo wake tabaka kwa tabaka, sauti moja moja ikisikika peke yake, na sauti ya mhoji huondolewa katika uhariri, tukabaki na mwenye kazi akizungumza na kazi yake.

Naongeza kwamba wasanii wa kujitegemea ndio wanaofaa zaidi kwa maswali ya namna hii, kwa kuwa wengi wao wamefanya karibu kila hatua kwa mikono yao. Mwandishi aliyejichapishia anaweza kukueleza kwa nini alipunguza kurasa ili gharama ya uchapaji ishuke, na jinsi kupunguza huko kulivyoua mhusika mmoja. Mwandishi wa shirika kubwa atakuambia hayo yaliamuliwa na watu wengine.

#8 Bundi_Mchana

Sauti ya mhoji huondolewa katika uhariri! Kuna wahoji ninaowasikiliza ambao ukiondoa sauti yao, kipindi cha saa nzima kitabaki na salamu ya mgeni na kikohozi. Simlengi #7, bila shaka.

#9 Meza_ya_Mahojiano

Nimepokea, bila shaka.

#10 Mstari_Mwekundu

Nashangaa mnavyozidharau kumbukumbu za waandishi. Mwandishi wa riwaya Hemingway alimwambia George Plimpton, katika mahojiano yaliyochapishwa na jarida la The Paris Review mwaka 1958, kwamba aliuandika upya ukurasa wa mwisho wa "A Farewell to Arms" mara 39. Mtu anayetaja 39 badala ya kusema "mara nyingi" amehesabu.

#11 Karatasi_Chakavu

Mkuu #10, mfano huo una mkia. Mwaka 2012 lilitoka toleo la riwaya hiyo likiwa na miisho mbadala iliyokusanywa kutoka kwenye miswada yake, na idadi iliyotangazwa ni 47. Mtu aliyetaja 39 ametaja tarakimu inayosadikika, na tarakimu inayosadikika ndiyo hasa silaha ya msimulizi mzuri.

Tena hayo mahojiano ya The Paris Review, ambayo wengi tunayaona kuwa kipimo cha fani, si mazungumzo yaliyonaswa na kumwagwa kwenye karatasi. Tangu jarida lilipoanza mwaka 1953, na mwandishi E. M. Forster kuhojiwa katika toleo la kwanza, imekuwa desturi yake kumwachia mhojiwa nafasi ya kupitia na kurekebisha maneno yake kabla hayajachapishwa. Unachokisoma ni rasimu iliyopitiwa na mtu ambaye kazi yake ni kupitia rasimu.

#12 Mstari_Mwekundu

Hiyo 47 inajumuisha vipande vya sentensi chache tu. Yeye alizungumzia kuuandika upya ukurasa, nao wamehesabu kila kipande kilichookolewa. Ukihesabu vitu viwili tofauti, utapata idadi mbili tofauti, na hakuna aliyedanganya.

#13 Tabaka_la_Nne

Kuhusu mahojiano yaliyopitiwa na mhojiwa, sioni kwa nini iwe kasoro. Nabokov alikuwa akitaka maswali yaletwe kwa maandishi naye anajibu kwa maandishi, akiamini kwamba anapozungumza bila kujiandaa hafanani na anapoandika. Elena Ferrante, ambaye hilo ni jina lake la kalamu tu, hujibu kwa maandishi. Mwandishi anayejibu kwa kuandika anafikiri kwa chombo alichokizoea. Ni mwanamuziki ambaye hana bahati hiyo, kwa sababu tunamlazimisha aeleze kwa maneno jambo alilolitatua kwa vidole.

#14 Nyuzi_Saba

Hapo #13 umegusa penyewe. Mimi ni mpiga gitaa na hutoa nyimbo zangu mwenyewe. Nikiulizwa kwa nini nilihama kutoka kodi hii (noti zinazopigwa pamoja) kwenda ile, jibu la kweli ni kwamba mkono ulikuwa karibu na pale. Nikisema hivyo, mhoji huvunjika moyo, basi nimejifunza kusema kwamba nilitaka kuonyesha huzuni. Huzuni nayo imo, lakini niliiona baada ya kusikiliza nilichorekodi.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo haijatajwa. Sisi wa kujitegemea hatuna idara ya matangazo. Mahojiano ndiyo matangazo. Msikilizaji anapokutana na jina langu kwa mara ya kwanza, hakumbuki wimbo, anakumbuka kisa, na baada ya wiki anautafuta wimbo kwa kukitumia kile kisa. Nilipotoa majibu marefu na ya kweli, yalikatwa. Nilipotoa kisa kifupi, kikawekwa kwenye kichwa cha habari. Mshairi Walt Whitman aliyejichapishia "Leaves of Grass" mwaka 1855 alikwenda mbali zaidi yetu sote: aliandika tahakiki za kukisifu kitabu chake mwenyewe na kuzitoa magazetini bila kutaja jina lake. Tukimlinganisha na huyo, sisi tunaosema wimbo ulitujia ndotoni ni watu waadilifu.

#15 Bundi_Mchana

Nyuzi saba? Gitaa la kawaida lina sita. Ya saba ndiyo hii tunayoandikia?

#16 Nyuzi_Saba

Yapo ya nyuzi saba, mkuu. Ila nimeipenda hiyo, nitaisema nikihojiwa, na nitadai niliibuni mimi.

#17 Mdadisi_wa_Nafsi

Kuhusu ndoto, tusizikatae zote kwa pamoja. Paul McCartney wa Beatles amesimulia kwamba muziki wa "Yesterday", uliorekodiwa 1965, aliamka akiwa nao kichwani. Ndoto yenyewe hatuwezi kuikagua, lakini yaliyofuata yana sura ya kuaminika: alihofia kwamba ni wimbo wa mtu mwingine alioukumbuka bila kujua, akawa anawapigia watu na kuwauliza kama wanautambua, huku akiwa ameweka maneno ya muda kuhusu mayai ya kuvuruga. Mtu anayebuni kisa cha kujitukuza asingeongeza mayai.

#18 Sikio_la_Tatu

Mtu anayebuni vizuri angeyaongeza mayai kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Chukueni mshairi Mwingereza Coleridge. Alipochapisha "Kubla Khan" mwaka 1816 alieleza kwamba alitunga mistari kati ya 200 na 300 usingizini, akaamka akaanza kuiandika, kisha akaja mtu mwenye shughuli kutoka kijiji cha Porlock, akamchelewesha kwa zaidi ya saa nzima, na yaliyobaki yakapotea. Huyo mgeni wa Porlock ni yai la kuvuruga kamili: ni mtu mdogo, wa kero, asiye na utukufu wowote, na kwa sababu hiyo tukamwamini.

#19 Karatasi_Chakavu

Na kwa Coleridge tuna karatasi. Mwaka 1934 ulijitokeza muswada wa shairi hilo kwa mwandiko wake, ukiwa na maelezo mafupi mwishoni. Humo anasema alilitunga akiwa katika hali ya kama kuota mchana iliyoletwa na kasumba, katika nyumba ya shambani, mwaka 1797. Mgeni hayumo. Maneno ya shairi nayo yanatofautiana mahali kadhaa na yale yaliyochapishwa, jambo linaloonyesha kwamba baada ya kuota aliendelea kurekebisha akiwa macho.

#20 KalamuTupu

Kutokuwepo kwa mgeni katika maelezo mafupi hakuthibitishi kwamba hakuja. Mimi mwenyewe kwenye jalada la nyuma la riwaya yangu sikuutaja ugomvi wa kifamilia, na ugomvi ulikuwapo, na majirani waliusikia.

#21 Shada_la_Pili

Nawashukuru kwa uzi huu. Nimeusoma wote kabla ya kuandika. Mnazungumza kana kwamba kuna mawili tu, kusahau na kujitangaza. Mimi huandika nyimbo, na mara nyingi najua vyema zilikotoka, na ndiyo maana sisemi. Nina wimbo unaomhusu mtu wa karibu ambaye bado yu hai na ambaye hajui kwamba unamhusu. Nikiulizwa, nasema niliuandika baada ya kutazama mto ukifurika. Mto nimeuona, maji nimeyaona, lakini wimbo haukutoka huko. Hadithi ya mto ni pazia, na nimelishona kwa uangalifu kuliko nilivyoushona wimbo wenyewe.

Nadhani sehemu kubwa ya majibu yanayofanana ni mapazia ya aina hii. Mhoji akiuliza kwa upole kuhusu chanzo cha kazi, mara nyingi, bila kujua, anauliza kuhusu ndoa ya mtu, au deni, au msiba. Mwenye kampuni kubwa nyuma yake ana msemaji wa kusema kwamba swali hilo halijibiwi. Mimi niko peke yangu mbele ya kipaza sauti.

#22 Meza_ya_Mahojiano

Shada_la_Pili, umenifanya nifikirie upya baadhi ya ukimya niliousifu pale juu. Nilidhani mtu akinyamaza anakumbuka. Huenda wengine walikuwa wakishona.

#23 Beti_Huru

Naomba nitoke kidogo nje ya mstari. Mnaposema "wa kujitegemea" mnamaanisha nani? Bendi ya Radiohead walipotoa albamu ya "In Rainbows" mwaka 2007 bila kampuni ya kurekodi na kuwaachia mashabiki waamue bei ya kupakua, waliitwa wa kujitegemea, na waandishi wa habari wakajaza kurasa kuhusu bei badala ya muziki. Lakini jina lao lilijengwa kwa miaka mingi ndani ya kampuni kubwa. Wao na Nyuzi_Saba hawako katika mashua moja.

#24 Tabaka_la_Nne

Mpaka huo hauwezi kuchorwa hapa, ufunguliwe uzi wake. Mwandishi Virginia Woolf alichapisha vitabu vyake vingi kupitia Hogarth Press, aliyoianzisha na mumewe mwaka 1917. Je, alijichapishia, au alikuwa mwandishi wa kampuni ambayo kwa bahati ilikuwa yake? Tutakesha.

#25 Beti_Huru

Basi nirudi ndani. Hoja yangu ni kwamba maelezo ya msanii yanaweza kuwa ya uongo na bado yakafaa. Nilipoanza kuandika mashairi niliisoma ile insha ya Poe nikaiamini yote, nikapanga athari kwanza na kibwagizo kabla ya beti, na nikapata mashairi yangu ya kwanza yenye mwisho. Ikiwa yeye hakufanya alichosema, mimi nilikifanya. Kwa upande mwingine, wale waliosema nyimbo huja zenyewe walinipotezea muda mrefu, kwa sababu nilikaa nikizisubiri, na huenda hao ndio waliokuwa wakisema kweli.

#26 Sikio_la_Tatu

Hapo sasa naona dai langu linavutwa pande ambazo sikuzitarajia. #2 na #3 wanasema msanii hukumbuka sehemu na kuiita nzima. #4 anasema hakuwahi kujua. #7 analaumu swali, #14 soko, #21 anasema anajua na anaficha. Haya hayawezi yote kuwa kweli kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, ingawa nikimfikiria KalamuTupu naanza kuona yanaweza.

Pendekezo la #5 ndilo pekee linalopimika. Je, kuna msanii humu atakayekubali kuhojiwa akiwa katikati ya kazi, kila juma, kisha ahojiwe tena baada ya kuitoa, tulinganishe?

#27 KalamuTupu

Mimi sitakubali. Niliwahi kumsimulia rafiki kwa kirefu riwaya niliyokuwa nimefika nusu, na baada ya hapo sikuwa na hamu ya kuimaliza, kwa kuwa kile nilichotaka kumwambia mtu nilikuwa nimeshamwambia mtu.

#28 Nyuzi_Saba

Mimi ningekubali, lakini nikijua kwamba kila juma nitaulizwa, nitaanza kufanya mambo yanayoelezeka. Mtakuwa mmepima wimbo mwingine.

#29 Meza_ya_Mahojiano

Tufanye kinyume chake, basi. Tuwaombe wasanii watuletee walivyovitupa, yaani beti zilizokatwa, sura zilizofutwa na matoleo ya kwanza, tuwaulize kuhusu hivyo tu. Kitu kilichotupwa hakina haja ya kutangazwa, na mara nyingi hakina siri iliyobaki. Fundi_wa_Mchanganyo, wewe una folda. Je, wenye nyimbo wataruhusu zifunguliwe?

#30 Fundi_wa_Mchanganyo

Wakiruhusu, nitafungua. Lakini tuharakishe, kwa sababu wengi huniomba nifute matoleo ya zamani mara tu wimbo unapotoka, na sababu wanayonipa ni kwamba yanajaza diski.

#31 Shada_la_Pili

Diski, ndiyo. Nami ndiyo sababu ninayompa fundi wangu.